Siku ya kuhamia toleo jipya la Ubuntu ipangwe na shule, si na tangazo la kwenye skrini

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limekuwa likizigharimu shule muda, fedha na wakati mwingine kazi za wanafunzi. Nalo ni uamuzi wa lini kompyuta zihamishwe kutoka toleo moja la mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, kwenda jingine. Nazungumzia Ubuntu, mfumo huria unaotolewa bure tangu Oktoba 2004, kwa kuwa ndio ninaouhudumia katika maabara za kompyuta za shule kadhaa za sekondari mkoani Morogoro. Aidha, tangu Microsoft ilipomaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wakuu wa shule wenye kompyuta za mtumba ambazo Windows 11 haizikubali wamekuwa wakiniuliza habari za mfumo huu, na swali linalofuata baada ya kuufunga huwa ni hilo hilo la lini kuhama.

Ushauri wanaoupata mitaani ni wa aina mbili. Upo wa wale wasemao kwamba kila toleo jipya likitoka lipokewe siku hiyo hiyo, kwa sababu jipya ni salama zaidi. Na upo wa wale wasemao kwamba kompyuta inayofanya kazi isiguswe mpaka ife. Sikubaliani na yeyote kati yao. Ninachoshikilia mimi ni kwamba siku ya kuhama ichaguliwe na mwenye kompyuta kwa kuangalia ratiba ya kazi zake mwenyewe, ndani ya kipindi ambacho toleo jipya limekwisha kutulia na la zamani bado linahudumiwa. Kipindi hicho si cha kubahatisha. Kinajulikana miaka kadhaa kabla, kinazidi mwaka mzima, na kwa shule zetu kinagusa zaidi ya likizo moja ndefu.

Nieleze kwanza ratiba yenyewe, maana ndiyo msingi wa hoja. Ubuntu hutoa toleo kila Aprili na kila Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake: 24.04 ni la Aprili 2024. Toleo la Aprili la kila mwaka wa pili, yaani 20.04, 22.04, 24.04 na 26.04, ni la muda mrefu, na hupewa masasisho ya usalama bila malipo kwa miaka mitano. Matoleo mengine yote yanayotoka katikati huhudumiwa kwa miezi tisa tu. Sioni sababu yoyote ya shule, zahanati, ofisi ya kata au duka la steshenari kuwa kwenye toleo la miezi tisa, kwa sababu kukaa humo ni kujifunga kuhama mara mbili kwa mwaka, upende usipende. Anayejaribu programu mpya kama sehemu ya kazi yake ndiye anayefaidika nalo.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa. Masasisho madogo yanayokuja ndani ya toleo lile lile, yale yanayoziba kasoro za usalama na kurekebisha programu moja moja, yasicheleweshwe hata wiki. Ninachosema kisubiriwe ni kuhama kutoka toleo zima kwenda toleo zima, ambako karibu kila programu iliyomo kwenye diski hubadilishwa kwa mkupuo mmoja. Mkuu wa shule anayesikia neno "subiri" akazima masasisho yote atakuwa amejiweka pabaya kuliko yule aliyehama mapema.

Kwa nini basi tusihame siku ya kwanza? Kwa sababu toleo jipya, hata likiandaliwa kwa uangalifu gani, hukutana na mashine za aina zote kwa mara ya kwanza siku linapotoka. Desemba 2017 waandaaji wa Ubuntu walilazimika kuondoa faili la kusakinishia toleo la 17.10 kwenye ukurasa wao wa kupakulia, baada ya kugundulika kwamba lilikuwa linaharibu programu ya msingi inayowasha mashine katika baadhi ya laptopu, nyingi zikiwa za Lenovo. Toleo hilo lilikuwa na miezi miwili tu mtaani. Toleo la 22.04 lilipotoka, watumiaji wengi wenye mashine za zamani walilalamikia kivinjari cha Firefox kilichokuwa kimefungashwa kwa mtindo mpya na kuchelewa kufunguka, hali ambayo ilirekebishwa kidogo kidogo miezi iliyofuata. Aliyehama Desemba mwaka ule alikuta sehemu kubwa ya kero imekwisha, wala hakupoteza kitu kwa kungoja.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa toleo la 24.04. Mwishoni mwa Machi 2024 mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akichunguza kwa nini kuingia kwenye seva kwa mbali kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, aligundua kwamba kuna mtu amepenyeza mlango wa siri katika programu ya kubana data iitwayo xz. Waliokuwa hatarini ni wale waliokuwa wakitumia matoleo ya majaribio na yale yanayopokea kila kitu kikiwa kipya kabisa. Waliokuwa kwenye matoleo tulivu ya Ubuntu, na ya Debian ambao ndio mfumo Ubuntu inaojengwa juu yake, hawakuguswa. Ubuntu waliahirisha toleo la majaribio la 24.04 kwa wiki moja ili wavijenge upya vifurushi vyake vya programu. Toleo kamili likatoka tarehe 25 Aprili 2024, na marekebisho yake ya kwanza, yanayoitwa 24.04.1, yakatoka tarehe 29 Agosti, wiki mbili baada ya siku iliyopangwa. Hayo ndiyo huwafungulia mlango walio kwenye toleo la muda mrefu lililotangulia, kwani Ubuntu yenyewe haiwaonyeshi tangazo la kuhama mpaka marekebisho hayo yatoke. Na hata baada ya hapo, siku chache tu baadaye, mwaliko huo ulisitishwa kwa muda kwa sababu ya kasoro kubwa katika programu inayosimamia uhamaji wenyewe.

Siyasemi haya kuwalaumu. Ninawaheshimu watu wanaotoa kazi kubwa namna hiyo bure, na wanaositisha mwaliko hadharani wanapoona kuna hatari badala ya kuficha. Ninachosema ni kwamba ikiwa waandaaji wenyewe wanaona busara kungoja miezi minne kabla ya kuwaita watu, sisi wenye maabara ya kompyuta ishirini na mwalimu mmoja wa TEHAMA hatuna haja ya kuwatangulia.

Sasa weka ratiba hiyo kando ya kalenda ya shule zetu. Aprili toleo linapotoka, kidato cha sita wanajiandaa na mtihani wa Mei. Mwishoni mwa Agosti au Septemba, tangazo la kuhama linapojitokeza kwenye skrini, kidato cha nne wana miezi miwili hivi kabla ya mtihani wa Novemba. Kwa hiyo tangazo hufika wakati ambao haufai kabisa kulikubali, na hufika kwa kisanduku chenye kitufe ambacho mwanafunzi yeyote anayejua nywila ya mashine anaweza kukibonyeza. Likizo ya Desemba ndiyo inayofaa. Toleo jipya lina miezi minane, kasoro za wazi zimeshazibwa, maabara iko tupu, na fundi ana wiki kadhaa za kurekebisha litakaloharibika kabla ya Januari.

Nimeona kinachotokea kalenda hiyo ikipuuzwa. Katika shule moja, mwezi wa Oktoba, kitufe kilibonyezwa mchana kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba. Programu ya kuhama huonyesha kwanza ni vifurushi vingapi vitaondolewa, vingapi vitaongezwa na data kiasi gani itapakuliwa, kisha huuliza kama uendelee; ukishakubali na vifurushi vipya vikaanza kuwekwa mahali pa vya zamani, hakuna njia salama ya kurudi nyuma. Umeme ulikatika katikati. Ulipowaka tena, skrini ilibaki nyeusi, na juu kushoto alama ndogo ya kuandikia ikawa inawakawaka. Nusu ya mfumo ilikuwa ya toleo la zamani na nusu ya toleo jipya. Mafaili ya wanafunzi yalikuwa salama kwenye diski, lakini hakuna aliyeweza kuyafikia mpaka mashine ilipowashwa kwa njia ya uokoaji, ikaamriwa kwa "dpkg --configure -a" imalizie vifurushi vilivyokatizwa, kisha ikapewa intaneti ya kupakua vilivyokosekana. Ilipona. Hata hivyo, wanafunzi waliokuwa na kazi zao za vitendo humo walikaa bila mashine katika majuma ambayo waliihitaji kuliko yote ya mwaka.

Nikisema hivi, wapo wanaofurahi wakidhani nimewapa ruhusa ya kutohama kabisa. Kwao hao nina jambo la kusema kwa mkazo, kwa sababu hasara yao haionekani kwa macho. Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro katika programu iitwayo pkexec, iliyomo karibu katika kila mfumo wa mezani wa jamii ya Linux, ambamo Ubuntu imo. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu 2009, na ilimwezesha mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida kwenye mashine kujipa mamlaka yote ya msimamizi. Fikiria maabara ya shule ambayo kila mwanafunzi ana akaunti yake. Kiraka kilitolewa siku ile ile, tarehe 25, kwa matoleo yaliyokuwa yakihudumiwa. Toleo la 21.04 lilikuwa limemaliza muda wake tarehe 20 Januari, siku tano kabla, na halikuwemo katika orodha ya yaliyotibiwa. Mashine zilizobaki kwenye toleo hilo ziliendelea kuwaka, kuchapisha na kucheza muziki kama kawaida, huku mlango ukiwa wazi.

Liko na jambo la pili linalowaumiza wanaokaa mno. Uhamaji wa kawaida hauruki toleo la muda mrefu: aliye kwenye 20.04 hawezi kwenda 24.04 moja kwa moja, sharti apitie 22.04. Huduma ya kawaida ya 20.04 ilikoma tarehe 31 Mei 2025, hivyo shule ambayo bado ipo hapo ina safari mbili mfululizo, kila moja ikiwa na upakuaji wake na hatari zake. Kwa shule ya namna hiyo ushauri wangu ni kuacha kuhama hatua kwa hatua. Inakili kazi zote za wanafunzi kwenye diski ya nje, isakinishe toleo jipya upya kutoka kwenye flashi, kisha irudishe kazi hizo. Ni kazi ya siku chache kwa maabara nzima, na unajua unachokipata mwishoni.

Watumiaji wa Lubuntu na Xubuntu, ambazo ni ndugu wepesi wa Ubuntu na ndizo ninazozipenda kwa mashine zenye kumbukumbu ndogo, waelewe kwamba miaka mitano haiwahusu. Matoleo yao ya muda mrefu huhudumiwa kwa miaka mitatu. Lubuntu 22.04 ilimaliza muda wake Aprili 2025, wakati Ubuntu 22.04 yenyewe inaendelea hadi 2027. Nimekuta maabara ambazo wahusika waliamini kwa moyo mweupe kwamba wana miaka miwili mbele yao, kumbe muda umeshapita. Vilevile ile huduma ya Ubuntu Pro inayorefusha masasisho hadi miaka kumi ni ya bure kwa mtu binafsi na kwa mashine tano tu. Ni msaada mzuri kwa fundi au kwa familia, lakini shule yenye maabara isijengee mipango yake hapo.

Tukija kwenye maandalizi, nitataja yale tu ambayo mazingira yetu yanayadai. La kwanza ni kulijaribu toleo jipya bila kulisakinisha: liweke kwenye flashi, iwashe mashine moja kutoka kwenye hiyo flashi, kisha uangalie kama intaneti isiyo na waya inashika, kama sauti inatoka, na zaidi ya yote kama printa ya shule inachapisha. Printa ndiyo inayoleta ugomvi mara nyingi, na ni bora ugomvi huo utokee wakati toleo la zamani bado liko palepale kwenye diski. Kisha mashine moja ihamishwe peke yake na itumike kwa wiki moja au mbili kwa kazi za kawaida za ofisi kabla ya kuzigusa nyingine. Nafasi kwenye diski ikaguliwe mapema, kwa sababu diski iliyojaa ni chanzo kingine cha uhamaji unaokwama njiani. Laptopu zihamishwe zikiwa na betri iliyojaa na waya umechomekwa, na kompyuta za mezani zihamishwe zikiwa zimeunganishwa na betri ya akiba, moja baada ya nyingine ikibidi, maana betri moja ikizungushwa kwa zamu inatosha maabara nzima.

Kuhusu bando, najua ndilo linalowatisha wengi, nami sitaki kulipuuza. Kuhamisha kompyuta moja kunaweza kula gigabaiti kadhaa. Zidisha kwa ishirini, na bajeti ya mwezi ya shule imekwisha. Lakini hakuna sababu ya kupakua kitu kile kile mara ishirini. Ipo programu ya bure iitwayo apt-cacher-ng, ambayo huwekwa kwenye kompyuta moja ya maabara ikawa ghala: mashine ya kwanza inapopakua kifurushi, nakala hubaki ghalani, na mashine zinazofuata huchukua humo kupitia mtandao wa ndani bila kugusa intaneti. Ghala hilo hilo huendelea kuhudumia masasisho ya kila wiki mwaka mzima. Kama ningeruhusiwa kuziomba shule zifanye jambo moja tu la kiufundi mwaka huu, ningeomba hilo, kwa sababu nimeona walimu wakizima masasisho ya usalama kwa kuogopa bando, na hofu hiyo ina dawa isiyogharimu kitu.

Kuna hali ambazo kusubiri Desemba si lazima. Shule iliyopewa laptopu mpya kabisa ambazo toleo la zamani halitambui kifaa chake cha intaneti haina budi kutumia toleo jipya tangu mwanzo, kwa sababu viendeshi vya vifaa vipya, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuvitumia, huja na kiini kipya cha mfumo. Hali kadhalika mashine mpya isiyo na kazi za mtu ndani yake haina cha kupoteza. Sharti la subira ni kwa mashine ambazo watu wanazitegemea.

Kwa shule zilizo kwenye 22.04, hesabu ni hii: huduma yake ya kawaida inakoma katika nusu ya kwanza ya 2027, kwa hiyo likizo ya Desemba 2026 ndiyo likizo ndefu ya mwisho kabla ya hapo, na si vyema kuiacha ipite. Zilizo kwenye 24.04 hazina haraka yoyote. Toleo lao linahudumiwa hadi 2029, na zinaweza kuhamia 26.04 Desemba ya mwaka linapotoka au Desemba inayofuata, vyovyote itakavyowafaa. Maamuzi haya yangeingia kwenye kalenda ya shule pamoja na tarehe za kufunga na kufungua, yakaandikwa na mwalimu wa TEHAMA na kusainiwa na mkuu wa shule, mwalimu huyo akihamishiwa kituo kingine anayempokea asingeanza kubahatisha. Mimi hubandika karatasi ndogo ubavuni mwa kila kompyuta, imeandikwa toleo lililomo na mwezi linapokoma. Maafisa elimu wanaokagua maabara wangeweza kudai karatasi kama hiyo katika kila shule bila kuongeza gharama yoyote.

Kwako wewe Mhariri, nina ombi. Gazeti lako huchapisha tarehe za mitihani na za kufunguliwa kwa shule kila muhula. Tafadhali ongeza chini yake, mara mbili kwa mwaka, mistari miwili kuhusu mifumo endeshi huria inayotumika mashuleni: mmoja useme ni toleo lipi linakaribia kukoma na lini, na mwingine useme ni toleo lipi limeshatoa marekebisho yake ya kwanza. Niko tayari kuandaa mistari hiyo na kuileta ofisini kwenu kabla ya kila likizo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa maabara za kompyuta,
Morogoro